Kaburi

Kaburi (wingi: makaburi) ni shimo la kuhifadhia maiti, na pia jengo lililo juu yake. Neno hili lina asili ya Kiarabu, *qabr*, nalo lilipoingia katika Kiswahili halikukiondoa kitenzi cha Kibantu *kuzika*, bali yote mawili yamedumu pamoja katika mazishi yetu. Katika kaburi la Waislamu, mwanandani ni tundu la ubavuni alazwamo maiti kuelekea Kibla. Mava na maziara ni uwanja wa makaburi. Huko pwani watu wenye jaha walijengewa makaburi ya mawe na chokaa yenye minara, kama ya Kaole na Malindi, na katika magofu ya Gedi limo moja lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399 Miladi. Bara, kandokando ya Ziwa Nyasa, wasemao Kinyanja huyaita makaburi *manda*. Na huko Liuli, katika mwambao wa ziwa hilo, limo kaburi la kasisi William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuwatumikia watu wa ziwa kwa zaidi ya miaka 40, nalo huzuriwa na waumini.