Tamthilia za Kifilipino: Fahamu kinachopotea kabla hazijafika sebuleni kwako

Kama umewahi kumlilia Yna au kumchukia Claudia, wewe ni shabiki wa tamthilia za Kifilipino, hata kama hujawahi kujiita hivyo. Kuanzia saluni za Majengo mpaka hosteli za wanafunzi kule Ng'ong'ona, jijini Dodoma hizi stori zina watu wake.

Ila ukweli ni kwamba wengi tunazijua nusu. Tunajua sura za waigizaji, makofi na harusi zinazovunjika padri akiwa ameshafungua kitabu. Lugha yenyewe hatuijui, kwa sababu nyingi zinatufikia zikiwa zimeshavalishwa sauti za Kiingereza. Na Kiingereza kikiingia, kuna kitu kikubwa kinatoka: heshima.

Haya ndiyo ya kujua.

Zilifikaje huku?

Jina lililofungua njia ni Pangako Sa 'Yo, ya kituo cha ABS-CBN, iliyorushwa Ufilipino kuanzia Novemba 2000 hadi Septemba 2002. Huku tuliijua kama The Promise. Amor, mfanyakazi wa ndani, anapendana na kijana wa nyumba ya kitajiri, anafukuzwa, halafu miaka ikipita anarudi akiwa tajiri kulipa kisasi. Kumbe binti yake, Yna, naye anampenda Angelo, kijana wa nyumba ileile.

Yna aliigizwa na Kristine Hermosa, Angelo na Jericho Rosales. Makofi ya Amor (Eula Valdez) na Claudia (Jean Garcia) mpaka leo yanatajwa kwao kama mfano wa jinsi ugomvi wa kwenye runinga unavyotakiwa kuwa. Mwaka 2015 ilitengenezwa upya, safari hii na Kathryn Bernardo na Daniel Padilla.

Kitu cha pili ni king'amuzi. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, kisha Dodoma na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Kabla ya hapo ulitegemea antena juu ya bati na chaneli chache. Baada ya hapo zikaja chaneli za tamthilia tupu, asubuhi mpaka usiku.

Njia ya tatu ni ya mtaani: unapeleka flashi kwenye kibanda cha movie, unawekewa sizoni nzima, unaenda kumaliza wikiendi.

"Po": herufi mbili zinazobeba heshima yote

Lugha kuu ya tamthilia hizi ni Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalog. Ndani yake kuna neno dogo, "po". Halina tafsiri ya moja kwa moja. Unalichomeka kwenye sentensi unapoongea na mtu aliyekuzidi umri au cheo. "Oo" ni ndiyo ya kumwambia mwenzako. "Opo" ni ndiyo ya kumwambia mkubwa.

Mtoto akiitwa na bibi yake, anaitika "Po?". Kwetu binti angeitika "Abee", kijana angesema "Naam". Sauti ya Kiingereza inaweka "Yes?", basi, imeisha. Hapo hujui kama anaongea na bibi au na muuza vocha.

Sasa fikiria ile sini ambapo binti mpole, kwa mara ya kwanza, anamjibu mama mkwe bila "po". Mtazamaji wa Manila anashtuka palepale, anajua leo kimeumana. Sisi huku tunasubiri kofi ndiyo tuelewe.

Kuna na ishara. Umeona kijana anachukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake? Hiyo inaitwa "mano", na maneno yake ni "mano po". Ni shikamoo yao. Wao wanashika mkono, sisi tunataja miguu, nia ni ileile.

Maneno ya kushika

Ukiyajua haya, utaanza kuyasikia hata unapotazama na maandishi ya Kiingereza chini.

- Ate na kuya: dada mkubwa na kaka mkubwa. Hutumika hata kwa asiye ndugu, kama sisi tunavyomwita muuza genge "dada".
- Lola na lolo: bibi na babu.
- Tita na tito: shangazi na mjomba, au mtu mzima yeyote wa rika la wazazi.
- Ninang na ninong: mama na baba wa ubatizo, pia wasimamizi wa ndoa. Ukiona tajiri anaombwa kuwa ninong, jua kuna msaada unatafutwa.
- Yaya: ndiyo, ni yaya yuleyule wa kulea watoto. Wao walilitoa kwenye Kihispania, sisi asili ya letu inarudi kwenye Kireno, na Kireno na Kihispania ni ndugu.
- Kontrabida: adui wa stelingi.
- Kilig: ule msisimko wa tumboni wapendanao wanapokaribia kushikana mikono. Neno hili liliingizwa kwenye kamusi ya Oxford ya Kiingereza mwaka 2016.
- Balikbayan: aliyerudi nyumbani kutoka ughaibuni, mara nyingi na maboksi ya zawadi.
- Utang na loob: deni la fadhila.

Hilo la mwisho ndilo linaloendesha nusu ya stori zote. Mtu aliyekusomesha au kukuokoa, unabaki na deni lake ndani ya nafsi yako, na halilipiki kwa hela. Ndiyo maana binti anakubali kuolewa na asiyempenda. Kwenye Kiingereza linatoka kama mtu anadaiwa fedha, na mtazamaji anauliza kwa nini asilipe aondoke. Mswahili haulizi. Tayari anao msemo wa fadhila za punda ni mateke, na anajua aibu ya kuambiwa hivyo mbele za watu.

Na yaya si neno pekee tunalogawana. Meza kwao ni "mesa". Bendera ni "bandila". Hakimu ni "hukom", lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na hukumu yetu. Asante yao, "salamat", ina mzizi mmoja na salama.

Kabla ya runinga kulikuwa na jukwaa

Kinachoitwa "teleserye", yaani tamthilia ya mfululizo, hakikuanza na kamera. Wafilipino wana historia ndefu ya maigizo ya jukwaani, na ukiijua utaelewa kwa nini waigizaji wao wanalia vile.

Wakati wa utawala wa Hispania kulikuwa na "komedya", michezo ya kishairi ya wafalme na vita vya Wakristo na Waislamu, na "sinakulo", igizo la mateso ya Yesu ambalo bado huchezwa Kwaresima. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaingia "sarswela", igizo lenye nyimbo. Severino Reyes aliandika Walang Sugat, iliyochezwa mwaka 1902, siku za mwanzo za utawala wa Marekani. Mwaka uliofuata Aurelio Tolentino alipandisha jukwaani Kahapon, Ngayon at Bukas, na serikali ya kikoloni ikamtia ndani kwa uchochezi. Igizo lilikuwa jambo la hatari.

Mwaka 1919 sarswela maarufu, Dalagang Bukid, iligeuzwa kuwa filamu na José Nepomuceno. Ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mfilipino. Nyota wake, Atang de la Rama, alitoka jukwaani moja kwa moja.

Halafu kuna PETA, kundi lililoanzishwa mwaka 1967 na Cecile Guidote. Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, mwanzilishi huyo alikwenda uhamishoni, lakini kundi likaendelea, na likapeleka warsha za maigizo kwa wakulima, wafanyakazi na wanafunzi.

Hapa Tanzania tunajua habari hiyo. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo kijijini Malya, mkoani Mwanza: wanakijiji wenyewe wanaigiza matatizo yao, kisha wanayajadili. Nchi mbili za mbali zilifika kwenye wazo moja.

Na kama unapenda sauti, mtafute Lea Salonga. Aliigiza Kim kwenye Miss Saigon ilipofunguliwa London mwaka 1989, na mwaka 1991 akashinda Tuzo ya Tony kule New York.

Kwa nini zinatugusa sana?

Jibu moja ni familia kubwa, dini na umaskini unaokaa jirani na ghorofa. Jibu lingine ni safari.

Ufilipino ni nchi inayopeleka wafanyakazi wengi nje, na filamu zao hazikwepi jambo hilo. Anak ya mwaka 2000, ya Vilma Santos, ni ya mama aliyefanya kazi za ndani Hong Kong, akarudi na kukuta watoto hawamtaki. Hello, Love, Goodbye ya mwaka 2019 inarudi Hong Kong hiyohiyo na kizazi kipya. Mwendelezo wake, Hello, Love, Again wa mwaka 2024, ukawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuvuka mauzo ya peso bilioni 1.

Kuna na stori ya kweli. Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani, alinyongwa Singapore Machi 17, 1995 kwa kesi ya mauaji, na Wafilipino wakaingia barabarani. Filamu yake ilitoka mwaka huohuo. Aliyemwigiza ni Nora Aunor, malkia wa filamu zao, aliyefariki Aprili 2025.

Wapo mabinti wetu wanaofanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, pamoja na Wafilipino, jiko moja, mwajiri mmoja. Kwa familia ya Kondoa au Manyoni yenye mtu huko, hizo si stori za mbali.

Kiswahili kinaweza?

Kinaweza, na tumeshaona. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Azam TV nayo imeonyesha za Kituruki kwa Kiswahili, Sultan ikiwemo.

Shida ni kwamba mara nyingi mfasiri hutoka kwenye Kiingereza. "Opo, Ate" inakuwa "Yes", kisha inakuwa "Ndiyo". Mfasiri angeanzia kwenye Kifilipino, angepata "Ndiyo, dada", na wala asingehitaji kubuni kitu. Abee, naam, shikamoo, dada, kaka, mama mkwe: vifaa vyote tunavyo.

Na madj wa movie? Wana kipaji, hilo halina ubishi. Kuanzia enzi za Lufufu wameifanya filamu ya kigeni iongee kama jirani. Ila Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri. Kutafsiri na kuuza bila ruhusa yake ni kosa, hata kama tafsiri ni nzuri kuliko ya kwenye king'amuzi.

Jinsi ya kufuatilia bila kuunguza bando

- Tafuta kwa jina la asili. The Heiress ni Kadenang Ginto, Brothers ni Ang Probinsyano, My Eternal ni Walang Hanggan. Ukiandika jina la Kiingereza peke yake unapotea.
- Anzia chaneli rasmi za YouTube za ABS-CBN na GMA. Vipande vingi ni vifupi, na ukishusha ubora wa picha bando linadumu.
- Piga hesabu ya saa. Manila iko mbele yetu kwa saa 5. Kipindi cha saa 2:00 usiku kwao ni saa 9:00 alasiri Dodoma, kwa hiyo kama hutaki kujua mwisho, kaa mbali na kurasa za mashabiki jioni.
- Usishangae chaneli kubadilika. ABS-CBN ilizimwa hewani Mei 5, 2020 muda wa leseni yake ulipoisha, na Julai 10 kamati ya bunge ikakataa kuipa mpya. Tangu hapo imetegemea mtandao na chaneli za wengine.
- Muziki pia upo. Anza na SB19 na wimbo Gento wa 2023, kisha BINI, wasichana 8, na Pantropiko.

Ukitaka jaribio dogo, chagua sini moja yenye sauti ya asili. Weka maandishi ya Kiingereza ukitaka, lakini sikiliza, usisome tu. Hesabu "po" ngapi binti anamwambia mama mkwe. Siku zikianza kupungua, jua ndoa hiyo haifiki mbali.