Mji Uliojinunua kwa Mvinyo

Asubuhi hiyo ya mwisho wa Oktoba, ukungu kutoka ziwani ulikuwa umeufunika mji wa Rust hata minara ya makanisa haionekani. Mgeni aliyekuja kupiga picha angenung'unika. Mwenyeji, hata kidogo. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ukungu unaotanda alfajiri na ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Sijawahi kufika mahali ambapo maana hizo mbili zinahitajiana kama hapa. Ukungu wa kwanza huzaa wa pili, wa pili huzaa mvinyo, na mvinyo ndio ulioununulia mji huu uhuru wake.

Rust uko mashariki mwa Austria, jimbo la Burgenland, kama kilomita 60 kwa barabara kutoka Vienna. Wakazi wake hawazidi sana 2,000. Kwetu tungeuita kijiji, yakaisha. Kisheria, hata hivyo, ni mji kamili wenye hati yake, mdogo kuliko yote ya daraja hilo nchini Austria. Kuuzunguka kwa miguu ni kazi ya saa moja, ukitembea polepole na kuchungulia nyua: nyumba za karne ya 16 na za baadaye zimepangana bega kwa bega, kila moja na lango pana la upinde linalopitisha mkokoteni wa zabibu hadi ndani.

Pembeni ni Ziwa Neusiedl, ziwa la ajabu. Lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 300, lakini kina chake hakifiki mita mbili, na karibu nusu yake ni matete. Katika miaka ya 1860 lilikauka kabisa, kisha maji yakarudi. Maji haya machache hupata joto upesi wakati wa kiangazi, na usiku wa vuli unapoingiza baridi, huvukiza ukungu unaokwenda kulala juu ya mizabibu hadi jua lipande.

Katika shamba moja kando ya barabara nilisimama kuangalia kichala kimoja kwa makini. Punje za juu zilikuwa bado za dhahabu, zimejaa. Za katikati zilikuwa zambarau kama zilizogongwa. Za chini zilikuwa zimenyauka kama zabibu kavu, zimevikwa unyoya wa kijivu ambao mama yeyote angeutupa bila kufikiri mara mbili. Huyo ndiye kuvu aitwaye Botrytis. Hutoboa ganda la punje, maji yakapotea, sukari na uchachu vikabaki vimekolea. Hali ya hewa ikiwa na unyevu mwingi mno, kila kitu huoza kweli. Ikikauka mno, kuvu hashiki. Ndiyo maana mchana wa jua baada ya asubuhi ya ukungu ni kama mshahara kwa wakulima hawa.

Mvinyo unaotokana na punje hizo huitwa Ausbruch, jina linalotokana na kuchomoa, kwa kuwa punje zilizonyauka huchomolewa moja moja kwa mkono. Kwa kuwa ni kavu mno kukamuliwa peke yake, desturi ni kuzilowesha katika maji ya zabibu mbichi zaidi ili zitoe utamu wake. Ni ndugu wa mvinyo wa Tokaj wa Hungaria, wala undugu huo si wa bahati: kwa karne nyingi Rust ulikuwa sehemu ya Ufalme wa Hungaria. Hata majina ya mji, la Kijerumani na la Kihungaria, yote yanarejea kwenye mti uleule uliokuwa ukiota hapa.

Mji unatajwa katika maandishi mwaka 1317. Mwaka 1470 ukapewa haki ya kuwa na soko. Kisha mwaka 1524 Malkia Maria wa Hungaria akawaruhusu watu wa Rust kuchoma herufi R kwenye mapipa yao, ili mnunuzi wa mbali asiuziwe mvinyo wa mtu mwingine kwa jina lao. Miaka miwili baadaye mumewe, Mfalme Lajos wa Pili, alikufa katika vita vya Mohács dhidi ya Waothmani, na ufalme ukagawanyika. R ikabaki.

Mwaka 1681 ndipo wakaamua kujinunua. Walitaka kuwa mji huru wa kifalme, usio na bwana wa kuuagiza, wenye kiti chake katika bunge la Hungaria. Kaizari Leopold wa Kwanza alikubali kwa bei: gulden za dhahabu 60,000, na juu yake Ausbruch inayokadiriwa kuwa lita 30,000. Mtu aliyewahi kuona punje zile akajaribu kupiga hesabu ya vidole vilivyohitajika, atachoka kabla ya kufika nusu. Miaka miwili tu baadaye Waothmani waliizingira Vienna. Laiti wazee wa Rust wangengoja kidogo, pengine Kaizari asingekuwa na nafasi ya kukaa nao mezani.

Hati ile haikuuzuia ulimwengu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Burgenland ilikabidhiwa Austria, na mwaka 1921 wanamgambo wa Hungaria wakaipinga kwa bunduki. Desemba mwaka huo Sopron, mji mkubwa wa jirani, ulipiga kura kubaki Hungaria. Rust ukajikuta ng'ambo ya mpaka, na baadaye, karibu kabisa na Pazia la Chuma. Agosti 19, 1989, Wajerumani Mashariki zaidi ya 600 walivuka mpaka huo kwa miguu wakati wa mandari iliyoandaliwa si mbali na hapa.

Lakini pigo lililouma zaidi halikutoka kwa jeshi. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa mvinyo wa Austria walitia kemikali iitwayo dietilini glaikoli ili mvinyo mwepesi uonekane mtamu na mzito. Soko la nje likaanguka, na mvinyo mtamu, fahari ya Rust, ndio uliotiliwa shaka kwanza. Sheria kali ikapitishwa mwaka huohuo. Leo chuo cha masuala ya mvinyo cha Austria, Weinakademie, kina makao yake hapahapa Rust.

Jioni, ukungu ulipoanza kurudi, niliinua macho juu ya mabomba ya moshi. Rust ni maarufu pia kwa korongo weupe wanaojenga viota juu ya paa. Ndege hawa karibu hawana sauti, hugonganisha midomo tu kama mtu anayepiga vijiti. Hawapendi kuruka juu ya bahari kwa kuwa hawapati hewa ya moto ya kuwabeba, hivyo huizunguka Mediterania kupitia Bosporus na Sinai, wakafuata Naili. Viota vyote nilivyoviona vilikuwa vitupu. Wenyewe waliondoka Agosti, na wakati huo yawezekana walikuwa Sudan, wakingoja mvua za vuli zinyeshe kwetu na viwavijeshi watoke.