Kutoka Benchi Hadi Chini ya Pete



Mhariri aliponiomba niandike ukurasa wa historia ya michezo, bila shaka alitaraji kwamba nitaandika juu ya vikombe. Vikombe vyetu mnavijua. Vimo kabatini katika ofisi ya Mkuu wa Shule, na kila mkutano wetu hatukosi msemaji wa kutukumbusha nani alifunga na lini. Mimi nimependelea kuandika juu ya benchi.

Nina haki ya kuandika juu ya benchi kwa kuwa nililikalia miaka miwili, 1996 na 1997, nikiwa senta wa akiba wa timu yetu ya mpira wa kikapu. Nilichaguliwa kwa sababu moja tu: urefu. Wenzangu wa wakati ule wataukumbuka uwanja wetu. Saruji ilikuwa imepasuka, pete ya upande wa barabarani ilikuwa nzima, na pete ya pili ilikuwa imepinda hata mpira haupiti sawasawa. Basi watano wa kwanza walifanya mazoezi kwenye pete nzima, nasi wa akiba tukapewa kazi ya kukimbilia mipira iliyotoroka isije ikaangukia chini ya magurudumu ya daladala za Mbagala.

Siku moja senta wetu wa kwanza alipata faulo ya tano, zikiwa zimebaki dakika chache mchezo kwisha. Nikaitwa. Niliingia uwanjani bila kujua nisimame wapi. Pasi ya kwanza ilinigonga kifuani ikaenda zake nje. Adui yangu, aliyekuwa mfupi kwangu, alinisukuma kwa kiuno akafunga mara mbili mfululizo. Tulishindwa. Kwa miaka mingi niliamini kuwa sikuumbwa kwa mchezo ule, na wapo miongoni mwenu ambao hadi leo hunitania kwa habari hiyo. Sina kinyongo. Lakini baada ya kusoma habari za wengine waliowahi kukaa pale nilipokaa mimi, nimeiona kasoro ya siku ile mahali pengine. Naomba niwaeleze.

Nitaanza na jirani yetu wa magharibi. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Ujanani alikuwa mlinda mlango wa kandanda, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa karibu na utu uzima. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo kujiunga na Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Nia yake ilikuwa kusomea udaktari. Kiingereza hakukijua ila maneno machache, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo hata mchezo mmoja.

Kocha wa Georgetown wakati huo, John Thompson, alikuwa mtu mrefu aliyepata kucheza senta mwenyewe. Alimwona kijana huyu wa mita 2.18 akamwita kwenye timu. Lakini msimu wa 1988-89 ulipoanza, chuo kilikuwa kimempata senta mwingine kijana, Alonzo Mourning, ambaye sifa zake zilimtangulia tangu shule ya sekondari. Nafasi ikawa ya Mourning. Mutombo akawa mchezaji wa akiba. Msimu ule alicheza wastani wa dakika 11 kwa mchezo, akapata chini ya pointi nne.

Mtu akizitazama hesabu hizo peke yake atasema, huyu hana lake. Lakini dakika 11 kwa mchezo si haba, hasa kwa mtu aliyekuwa akikabiliana na Mourning mazoezini. Isitoshe, kocha hakumtaka afanye yote. Alipewa kazi moja aliyoiweza: kusimama chini ya pete na kuzuia mitupo ya wapinzani. Mwaka 1989, katika mchezo mmoja dhidi ya St. John's, huyo mchezaji wa akiba alizuia mitupo 12, idadi ambayo ilikuwa haijapata kufikiwa chuoni hapo.

Msimu uliofuata wakapangwa pamoja, Mourning na Mutombo, minara miwili katika timu moja. Wastani wa Mutombo ukapanda kufikia pointi 10.7 na mipira 10.5 aliyoidaka ikirudi kutoka ubaoni. Msimu wa 1990-91 akafikia pointi 15.2 na mipira 12.2. Mwaka 1991 klabu ya Denver ilimteua akiwa wa nne katika uteuzi wa ligi ya kulipwa, NBA. Huko alipata tuzo ya mlinzi bora mara nne, na alipostaafu mwaka 2009 alikuwa amezuia mitupo 3,289, wa pili kwa wingi nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Udaktari hakuusoma, shahada yake ilikuwa ya lugha na diplomasia. Lakini alijenga hospitali Kinshasa, akaipa jina la mama yake, ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Alifariki dunia Septemba 30, 2024.

Sasa nirudi nyumbani, maana najua wengi wenu mnalingoja jina la pili.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987. Alisoma Makongo, shule ambayo sisi wa Temeke tulikuwa tukiitazama kwa hofu kidogo kila mashindano ya shule yalipokaribia. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka kama 15. Nawaomba mliangalie jambo hilo kwa makini: katika umri ambao mtoto wa Marekani anayetarajiwa kuwa mchezaji huwa amekwisha kucheza miaka minane au tisa, huyu wetu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kudunda mpira. Alikwenda Marekani, akamaliza sekondari Houston, na mwaka 2006 akapokewa na Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili, 1999 na 2004.

Nafasi aliyoikuta ilikuwa imeachwa na Hilton Armstrong, naye ana kisa chake. Armstrong alikaa benchi kwa sehemu kubwa ya miaka mitatu chuoni hapo. Mwaka wa nne ndipo alipopewa nafasi, akawa mlinzi bora wa kundi lao la vyuo, na mwaka 2006 akateuliwa wa 12 kwenda NBA. Kwa hiyo chuo kile kilikuwa na desturi ya kungoja. Ila kwa Thabeet hapakuwa na muda wa kungoja. Wachezaji muhimu wa timu ile walikuwa wameondoka kwa mkupuo mmoja, na kijana aliyestahili kujifunza akiwa nyuma ya mtu mzima akajikuta yeye ndiye mwenye nafasi.

Msimu wa kwanza alipata pointi 6.2 na mipira 6.4 kwa mchezo, na chuo hakikufuzu hata kuingia katika mashindano ya ubingwa. Lakini alizuia mitupo 3.8 kwa mchezo. Kocha akaishika kazi hiyo moja aliyoiweza, akamjengea nyingine juu yake, kama fundi anayeanza na msingi. Msimu wa pili pointi 10.5. Msimu wa tatu, 2008-09, pointi 13.6 na mipira 10.8. Katika mchezo mmoja dhidi ya Providence alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 na kuzuia mitupo 10. Timu ilifika katika vyuo vinne vya mwisho Marekani nzima. Mara mbili, 2008 na 2009, alitangazwa mlinzi bora wa kundi lao, na mwaka 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Huyo Blair naye asisahaulike, kwa maana ndiye aliyeonyesha ni wapi jengo lilikuwa bado halijakauka. Februari 16, 2009, siku ya kuzaliwa ya kijana wetu, Connecticut ikiwa ya kwanza katika orodha ya vyuo, Blair alimzidi nguvu mbele ya watazamaji wa nyumbani na hata kumpitisha juu ya bega lake kama gunia. Alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23. Thabeet, mwenye mita 2.21, alipata pointi 5. Urefu ni majaliwa. Kuutumia urefu mbele ya mtu mwenye nguvu ni elimu, na elimu ina muda wake.

Juni 25, 2009 Memphis ilimteua Thabeet akiwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Nakumbuka habari zilipotufikia kesho yake ofisini kwetu. Wakubwa kwa wadogo waliacha majalada mezani, na mzee mmoja wa masijala, ambaye hakuwa amewahi kutazama mpira wa kikapu, aliuliza kama kijana huyo atarudi kuichezea Simba au Yanga.

Yaliyofuata mnayajua, na kwa bahati mbaya mnayajua vibaya. Memphis tayari ilikuwa na senta wa kutegemewa, Marc Gasol. Thabeet akawa wa akiba, dakika 13 kwa mchezo msimu wa kwanza. Februari 2010 alipelekwa ligi ndogo, na hakuna aliyeteuliwa juu kama yeye aliyekuwa amepata kupelekwa huko kabla yake. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, mwaka 2012 Portland, kisha Oklahoma City hadi 2014. Vijiweni kwetu, Kinondoni hadi Mbagala, neno likawa moja: ameshindwa.

Mimi sikubaliani na neno hilo, na ndiyo sababu ya makala hii. Watu hawa wawili walianza mchezo wakiwa wamechelewa. Wote wawili walianza na kazi moja tu, ya kuzuia. Mutombo alikaa benchi kwanza, mahali ambapo kukosea hakukugharimu sana, akafika NBA akiwa na umri wa miaka 25. Thabeet alipewa nafasi kwanza, akaimudu na kuikuza kwa miaka mitatu, kisha akakalishwa benchi akiwa na miaka 22, katika ligi ambayo haimngoji mtu, huku kila kosa lake likihesabiwa dhidi ya namba ya uteuzi wake. Sisemi kwamba angepewa dakika zaidi lazima angekuwa Mutombo. Hakuna awezaye kuapa hivyo. Nasema tu kwamba kijana aliyeanza kudunda mpira akiwa na umri wa miaka 15 hapa Dar es Salaam, na miaka saba baadaye akawa wa pili katika uteuzi wa NBA, hakushindwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tuliona chaelea, tukamlaumu kwamba hakikufika Ulaya.

Ndugu zangu, ipo sababu ya kuyaandika haya mwaka huu. Kamati imetuletea mapendekezo mawili ya kutumia mchango wetu kwa mpira wa kikapu. La kwanza ni kununua jezi na viatu kwa wachezaji kumi bora. La pili ni kutengeneza uwanja, kuziba nyufa na kuweka pete mpya upande wa pili. Nimewasikia wengi wakilipendelea la kwanza, kwa hoja kwamba jezi zitaonekana pichani.

Mwezi uliopita nilipita shuleni jioni. Saruji ni ile ile. Pete ya barabarani ni nzima, na ya pili imekwisha kung'oka, umebaki ubao. Vijana watano walikuwa wakicheza. Pembeni alisimama mvulana mmoja mrefu, mwembamba, wa Kidato cha Pili nadhani. Mpira ulipotoroka kuelekea barabarani, yeye ndiye aliyeukimbilia. Aliurudisha, kisha akarudi pembeni kusimama.

Nilimwuliza anacheza nafasi gani. Akanijibu kwa adabu, "Senta, mzee. Wa akiba."

Sikumwambia habari za Kinshasa wala za Connecticut. Nilimwuliza tu hufanyia wapi mazoezi. Akanionyesha ule ubao usio na pete.

Mchango wangu nimekwisha kumkabidhi mhazini, na kwenye stakabadhi nimeomba iandikwe: pete ya pili. Nawaomba mpige kura mkimkumbuka kijana yule. Siku senta wa kwanza atakapopata faulo ya tano, yeye ndiye atakayeitwa.