Mchoraji Hajawahi Kumwona Simba Wako

Wasee, leo tuongee kuhusu michoro ya mbwa na paka. Unamtumia mchoraji picha ya simu, unalipa, baada ya wiki mbili unaletewa mnyama humjui. Macho si yake, rangi si yake, pua imefura kama ya nguruwe. Halafu unaanza kumtusi mchoraji. Mimi nasema mara nyingi shida ilianza kwa picha, na hii shida ina zaidi ya miaka 500.

Mwaka 1515 kifaru kutoka India alishushwa melini Lisbon, Ureno. Kule Ujerumani kulikuwa na mchoraji mkali sana, Albrecht Dürer. Hakuwahi kumwona huyo kifaru. Alichokuwa nacho ni maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine. Basi akachora kifaru mwenye ngozi kama mabati yaliyounganishwa, na pembe ndogo ya ziada mgongoni. Kifaru gani ana pembe mgongoni? Lakini kazi ilikuwa tamu, ikachapishwa, ikanakiliwa, na kwa zaidi ya miaka 200 watu wengi Ulaya walijua kifaru anakaa hivyo. Kifaru mwenyewe alikufa maji mapema 1516 akisafirishwa kwa Papa. Akabaki mchoro.

Linganisha na twiga. Mwaka 1414 twiga alifika China kama zawadi kutoka kwa mtawala wa Bengal, na 1415 Malindi, hii Malindi yetu, ikatuma wake. Yule wa 1414 alichorwa, na ukiona huo mchoro hata leo utasema "twiga" bila kusita. Wachina walimwita kwa jina la mnyama wa hadithi zao, lakini mwenye brashi alichora mnyama aliyekuwa amesimama nchini mwake, amefungwa kamba, na mtu ameishika. Huyo mtu wa kamba mkumbuke, nitamrudia.

Sasa tuje nyumbani. Kutoka huku Mraru unaingia Voi, unashika barabara ya Nairobi, unapita Manyani, unafika Tsavo. Hapo ndipo 1898 simba wawili walikula wafanyakazi wa reli hadi ujenzi wa daraja ukasimama. John Patterson, aliyesimamia ujenzi, aliwaua wote wawili Desemba mwaka huo, na alikuwa na kamera. Picha zake zipo, na zinaonyesha kitu moja wazi: hao simba walikuwa madume, lakini hawakuwa na manyoya marefu shingoni. Madume wengi wa Tsavo wako hivyo.

Ngozi zao zilikaa kama mazulia kwa karibu miaka 25. Mwaka 1924 Patterson akaziuzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000, na kwa sababu zilikuwa zimekatwa na kuchakaa, simba waliojazwa wakatoka wadogo kuliko walivyokuwa hai. Halafu 1996 Hollywood ikatoa filamu, The Ghost and the Darkness, iliyopigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya ya shingo kama mfalme wa katuni. Dunia nzima ikabeba hiyo sura. Bila zile picha za 1898, leo ungebishana na nani?

Mchoraji akikosa kitu, anajaza na kile amezoea kuona. Kwa hivyo mbwa wako, ambaye najua anaitwa Simba, mpige hivi.

Moja, shuka chini. Piga magoti au lala kifudifudi, kamera iwe sawa na macho yake. Ukimpiga ukiwa umesimama unapata kichwa kikubwa na miguu ya panya.

Mbili, usimsukumie simu usoni. Lenzi ya simu ikiwa karibu inavuta pua mbele. Rudi hatua mbili tatu, uvute kwa kuzumu kidogo.

Tatu, jua la Voi la saa saba halifai. Mweke kivulini, chini ya mwarobaini au barazani, akiangalia upande wenye mwanga. Ukiona kamwanga kadogo kwenye jicho lake, bonyeza. Na zima flashi, la sivyo macho yatawaka kama ya fisi.

Nne, na hii ni yetu: vumbi. Tembo wa Tsavo wanaitwa wekundu na ni udongo tu wamejipaka. Mbwa mweupe wa huku ni mwekundu kufika jioni, na hata ardhi inamrushia wekundu tumboni. Mchoraji wa Nairobi atadhani ndiyo rangi yake. Mpanguse kwanza, au umwambie mchoraji ukweli. Filta usiguse kabisa.

Tano, piga nyingi. Mwaka 1878 kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi anayekimbia. Kabla ya hapo wachoraji walichora farasi wa mbio amenyoosha miguu ya mbele na ya nyuma, anapaa. Picha zikaonyesha kwamba miguu yote inapoachana na ardhi, imekunjwa chini ya tumbo. Jicho la binadamu lilikuwa limeshindwa kuona hilo miaka yote. Kwa hivyo usitume moja. Tuma ya uso, ya ubavu, ya amesimama, ya lile sikio lililochanika. Na kwa WhatsApp itume kama faili, ndiyo isipungue ubora.

Sasa yule mtu wa kamba. Alichorwa na twiga, na hiyo ndiyo inatuambia mnyama hakujileta. Tsavo ilikuwa kinyume. Simba wana picha, wana nyumba Chicago, wana filamu. Kitabu cha Patterson cha 1907 kinataja Wahindi 28 walioliwa, halafu kinasema kulikuwa na Waafrika wengi pia, ambao hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Hawakuhesabiwa, sembuse kupigwa picha. Tunajua shingo ya simba ilikaaje na hatujui sura za watu wetu.

Hiyo ndiyo inaniuma. Wengi wetu tuna picha mia mbili za mbwa na hatuna hata moja nzuri ya shosho anayempikia, anayemwita jioni, anayejua akibweka hivi ni nyani na akibweka vile ni mgeni. Mbwa anaishi miaka kumi hivi akibahatika, na shosho naye hatakuwa hapo milele. Ukishapata ile picha safi ya Simba, usiweke simu mfukoni bado. Mwite shosho akae kando yake kwenye hicho kivuli, mkono shingoni mwa mbwa, na umpige kutoka usawa wa macho yake pia. Tuma zote mbili kwa mchoraji, na nyuma ya mchoro andika jina la kila mmoja.