SAUTI YA KITI CHA NYUMA: HISTORIA YA REDIO NA SPIKA ZA MOTOKAA

Fungueni karatasi zenu za somo. Anayesoma upesi na amsaidie jirani yake, na anayesoma polepole asione haya, kwani tutakwenda pamoja.

Leo tutasoma historia ya kitu ambacho kila abiria amekisikia, lakini ni wachache waliokitazama: spika ya nyuma katika motokaa. Ukipanda matatu Nairobi au daladala Dar es Salaam, muziki unakufikia hata ukikaa kiti cha mwisho. Je, ulipata kujiuliza ni nani aliyeifikisha sauti huko nyuma? Na kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi katika gari lenye paa la turubai linalokunjwa? Haya ndiyo maswali yetu ya leo.

1. Redio inaingia katika motokaa

Zamani redio ilikuwa chombo cha nyumbani. Ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, nayo ilitaka betri nzito. Watu wachache walijaribu kuiweka katika motokaa, lakini matatizo yalikuwa mengi. Taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio zilitaka umeme wa nguvu nyingi, na betri ya gari ilikuwa na nguvu kidogo. Barabara mbovu zilizitikisa taa hizo zikavunjika. Tena, cheche zinazowasha petroli ndani ya injini zilitoa mawimbi ambayo redio iliyanasa. Kwa hiyo aliyetaka kusikia habari alisikia mlio wa injini yake mwenyewe.

Katika mji wa Chicago, huko Marekani, ndugu wawili, Paul Galvin na Joseph Galvin, walianzisha kiwanda kidogo mwaka 1928. Mwaka uliofuata biashara za Marekani zilianguka vibaya, na viwanda vingi vilifungwa. Hawa ndugu hawakuwa na budi kutafuta kitu kipya cha kuuza. Wakachagua redio ya motokaa.

Mwaka 1930 Paul Galvin alikwenda katika mji wa Atlantic City, mahali walipokutana watengenezaji wa redio. Hakuwa na kibanda cha maonyesho. Basi aliliegesha gari lake nje, akaifungulia redio kwa sauti kubwa, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Redio yake aliiita Motorola. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 110 hadi 130. Wakati ule motokaa mpya ya bei nafuu iliweza kupatikana kwa dola 500 hivi. Hesabu mwenyewe: redio peke yake ilikaribia robo ya bei ya gari zima. Mwaka 1947 kampuni yenyewe iliacha jina lake la kwanza, ikajiita Motorola.

Ulaya nako watu hawakulala. Mwaka 1932 kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ilitoa redio ya motokaa yenye uzito wa kilo 15 hivi. Huo ni uzito wa debe la maji lisilojaa.

2. Walio mbele wasikia, walio nyuma je?

Kwa miaka mingi gari lilikuwa na spika moja tu, nayo iliwekwa mbele, karibu na dereva. Aliyelipia gari alisikia vizuri. Mama na watoto waliokaa nyuma walisikia nusu ya maneno, hasa gari lilipokwenda mbio. Ndipo viwanda vilipoanza kuuza spika ya pili ya kuwekwa nyuma, kwa mtu aliyekubali kuongeza fedha. Pamoja nayo kulikuwa na kitufe cha kugawa sauti: ukikizungusha upande huu sauti huenda mbele, upande ule huenda nyuma, na katikati husikika pote.

Katika gari lenye paa la chuma, mahali pa spika ya nyuma palijulikana. Nyuma ya kiti cha mwisho, chini ya kioo, pana rafu. Fundi alikata tundu katika rafu hiyo akaifunga spika. Chini yake ni buti, nalo buti lilifanya kazi kama sanduku la ngoma. Wapiga ngoma mnajua jambo hili: ngozi peke yake haina mlio mzito, mlio watoka katika mzinga wake. Spika nayo ni vivyo hivyo. Hewa ya mbele yake na hewa ya nyuma yake zikikutana, sauti nzito hupotea. Buti lilizitenga hewa hizo mbili.

3. Taabu ya gari lisilo na paa la chuma

Sasa fikiri juu ya gari la paa la turubai. Paa likikunjwa, hulala nyuma ya kiti cha mwisho, mahali pale pale ambapo ingekuwa rafu. Basi rafu hakuna. Vyuma vya kuinulia paa vimejaa ubavuni. Mvua ikinyesha ghafula, maji huingia, na jua likiwaka hukausha kila kitu. Spika za zamani zilikuwa na koni ya karatasi, na karatasi haipatani na maji wala jua kali. Juu ya hayo, upepo wa safari huvuma masikioni hata sauti nzito zisisikike.

Mafundi walitafuta njia mbalimbali. Katika baadhi ya magari ya General Motors ya miaka ya 1960, spika iliwekwa katikati ya mgongo wa kiti cha nyuma, baina ya abiria wawili. Wengine waliziweka katika mbao za ubavuni, kando ya viwiko vya abiria. Baadaye, katika gari dogo la viti viwili la Mazda MX-5, lililotoka mwaka 1989, ziliwekwa spika ndogo ndani ya mito ya kuegemeza kichwa kwa mnunuzi aliyezitaka. Shauri lao lilikuwa la akili: ikiwa upepo hauwezi kuzuiwa, basi ilete sauti karibu na sikio. Spika iliyo karibu haihitaji kupigishwa kelele.

4. Stereo, na hatari ya kuongeza bila kupima

Mwaka 1947 wataalamu wa Bell huko Marekani walivumbua transista, kitu kidogo kilichochukua kazi ya zile taa za kioo. Mwaka 1955 Chrysler na Philco walitangaza redio ya motokaa iliyotumia transista peke yake. Redio zikawa ndogo na nyepesi. Mwaka 1961 matangazo ya stereo yalianza Marekani, na mwaka 1965 Ford ikaanza kuuza magari yenye mashine ya kanda za stereo. Stereo maana yake sauti ya kulia na sauti ya kushoto hupita njia mbili mbalimbali. Kwa hiyo spika moja haikutosha tena. Katika miaka ya 1970 spika nne, mbili mbele na mbili nyuma, zilizidi kuwa jambo la kawaida.

Hapa msikilize sana, maana ndipo watu wengi walipopoteza fedha zao. Redio iliyotoka kiwandani pamoja na gari ilipimwa kwa spika zake. Kila spika ina kizuizi chake cha umeme, nacho hupimwa kwa omu. Fikiri juu ya tangi la maji lenye bomba moja. Ukiongeza bomba la pili kando yake, maji yatatoka mengi zaidi kwa wakati ule ule. Hali kadhalika, ukifunga spika mbili za omu 8 sambamba katika waya mmoja, kizuizi hushuka kuwa omu 4, na umeme mwingi zaidi hupita. Transista ya redio ya kale ikibebeshwa mzigo usio wake hupata moto, kisha huungua. Ukizifunga kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, kizuizi hupanda kuwa omu 16. Redio itapona, lakini sauti itapungua.

Kwa hiyo fundi mwema husoma kwanza namba iliyoandikwa nyuma ya spika na ile iliyo juu ya redio. Zisipopatana, huongeza kipaza sauti cha pembeni chenye umeme wake, redio isibebe mzigo wote.

Tena iko hasara nyingine. Magari ya paa la turubai ya miaka ya 1960 yaliyobaki leo ni mali ya thamani na ni ushahidi wa historia. Tundu likikatwa katika ubavu wa gari kama hilo, halizibiki likawa kama mwanzo. Wenye busara huweka spika katika sanduku linaloweza kuondolewa, au chini ya kiti, ili atakayerithi gari alikute zima.

5. Tumejifunza nini?

Wanafunzi wetu, historia si ya wafalme na vita tu. Spika ya nyuma yatuonyesha kwamba chombo kipya huanza kwa kumfaa mmoja aliye mbele, kisha watu hudai kimfae na aliye nyuma. Yatuonyesha pia kwamba kuongeza si kuboresha siku zote. Anayeongeza bila kusoma namba huunguza kile alichokuwa nacho. Nawe sasa unaweza kuzisoma namba hizo mwenyewe, pasipo kumtegemea mwingine akuambie.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini redio za kwanza za motokaa zilitoa mlio wa injini?
2. Gari la paa la turubai lina upungufu gani wa mahali pa spika?
3. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, kizuizi huwa omu ngapi? Zikifungwa kwa kufuatana je?
4. Abiria wa nyuma aomba sauti iongezwe, na dereva asema hasikii honi za wenzake. Nani ana haki? Toeni sababu.

Kazi ya nyumbani: Tafuta chombo chochote cha umeme, soma namba zilizoandikwa nyuma yake, uzinakili katika daftari, uje nazo darasani.

Kwaherini.