Kipindi cha Kiingereza na Daftari la Majina

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya masomo ya zama zetu. Habari za mpira na za bwaloni wenzangu wamekwisha kuzieleza. Mimi nachagua kipindi cha Kiingereza, maana humo nina deni.

Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1995 tulitoka shule za msingi za serikali, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia tangu 1967. Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya mengi. Mara Januari ile kikawa lugha ya Hisabati, ya Biolojia, hata ya kuomba ruhusa ya kwenda haja!

Haikulazimu iwe hivyo. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakaona kuwa wengi hawana Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Dawa iliyofuata, kuanzia 1987, ilikuwa mradi wa kukiimarisha Kiingereza hicho hicho kwa fedha za Uingereza. Mradi huo ulileta vitabu vyepesi vya hadithi mashuleni. Nilivikuta kabatini, na kwa haki niseme ndivyo vilivyonifundisha kusoma.

Kazi tulizopewa hazikuwa haba. Kila Ijumaa tulikabidhi insha ya maneno 250. Palikuwa na ufupisho, na kitabu cha Chinua Achebe, Things Fall Apart, nakala moja kwa wanafunzi watano. Tuliandika pia barua za kuomba kazi kwa mameneja tusiopata kuwaona. (Siku hizi barua za namna hiyo huniangukia mezani ofisini, na sentensi ya kwanza ni ile ile tuliyokariri.) Mwalimu alitutazamia tufikiri kwa Kiingereza. Wengi wetu tulikariri insha moja ya safari, tukaipachika katika kila swali.

Nje ya darasa palikuwa na kibao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa walifyeka majani. Kiranja wa lugha nilikuwa mimi, na daftari la majina nililishika mimi.

Jirani yangu wa dawati alikuwa hodari wa Fizikia. Usiku alinieleza mambo ya mwendo na kani kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, nikaelewa. Siku moja daftari lilikuwa tupu, nami niliogopa kuulizwa. Nikamwandika yeye, kwa maelezo yale yale aliyonipa mimi.

Alivaa kibao, akafyeka, hakunilaumu. Lakini hakunieleza tena Fizikia, na darasani aliacha kunyosha mkono, hata katika vipindi alivyovimudu kuliko sisi sote. Mwaka 1999 mimi nilichaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Yeye hakuchaguliwa.

Nasikia anatazamiwa kuhudhuria mkutano wetu wa safari hii. Namwomba akae meza moja nami. Daftari lile bado ninalo, na ukurasa wenye jina lake nitamkabidhi mwenyewe.