JINSI YA KUIONGEZEA NGUVU GARI YA DIZELI YENYE TURBO BILA KUUA INJINI

Leo naleta mada ambayo vijana wengi wananiuliza, hasa wale ambao nyumbani kuna Pajero au Land Cruiser ya kizamani. Gari ni dizeli, turbo inayo, lakini haivuti, na mfukoni hela ni ya mawazo. Unaiongezeaje nguvu?

Kabla sijaanza naomba nikiri kosa langu. Mwaka 2021 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina la kufanya, nashinda gereji. Mjomba wangu alikuwa na Pajero ya injini 4D56, cc 2477, yenye turbo. Ndiyo iliyokuwa ikivuta trela la muziki wake wa harusi: spika, mikisa na jenereta. Milimani ilikuwa inachoka sana. Mimi nikaingia intaneti kafe, nikalipia nusu saa, nikakuta maelezo kwamba nyuma ya pampu ya dizeli kuna skrubu, ukiikaza gari inapata nguvu. Nikanakili kwenye daftari. Muda ukaisha kabla sijafika sehemu inayozungumzia joto. Nikatoka mbio kumpelekea fundi habari njema.

Fundi akaikaza kwa hela ya soda. Tukaondoka Morogoro kwenda Iringa kupiga muziki kwenye harusi, gari inaruka, Mikumi tunaipita mjomba anacheka peke yake. Kilio kilianzia Kitonga. Katikati ya zile kona moshi mweusi ukageuka mweupe, geji ya maji ikapanda mpaka mwisho, injini ikakata. Silinda hedi imepasuka, pistoni moja imeyeyuka juu. Mjomba alirudisha advansi ya watu, na ili atengeneze injini akauza spika mbili kubwa. Hajawahi kunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia. Tuendelee.

DIZELI INAPATAJE NGUVU?

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, halafu nozeli inapuliza mafuta, yanawaka yenyewe. Turbo ni kama vipangaboi viwili kwenye shafti moja. Kimoja kinazungushwa na moshi unaotoka, kingine kinasukuma hewa nyingi iingie kwenye injini.

Kwenye petroli, ukizidisha mafuta kidogo silinda inapoa. Dizeli ni kinyume: ukizidisha mafuta unazidisha joto. Mafuta yakiwa mengi kuliko hewa, yanayobaki yanatoka kama moshi mweusi. Kuna washkaji wanauona moshi mweusi wanashangilia eti gari ina nguvu. Hiyo ni hela yako inatoka nyuma bila kufanya kazi, na joto linapanda.

Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni ni za aluminiamu. Zinapona kwa sababu oili na hewa mpya vinazipoza kila mara. Ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, unaondoa kinga hiyo. Na kwenye injini kama 4D56 moto unaanzia ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi yenyewe, ndiyo maana hedi zake zinapasuka haraka zikichemka.

HATUA YA 1: RUDISHA NGUVU ILIYOPOTEA

Hii ndiyo hatua ya bei poa kuliko zote na ndiyo watu wanairuka. Gari ya miaka 25 imepoteza nguvu nyingi tu. Angalia haya kwa mpangilio:

- Filta ya hewa. Kama imejaa vumbi, turbo inanyonya kwa shida. Badilisha, usiikung'ute ukaamini imepona.

- Filta ya dizeli. Ikiziba, gari inakufa nguvu ukikanyaga mlimani lakini kwenye tambarare iko sawa.

- Mipira ya hewa kutoka turbo kwenda kwenye injini. Paka maji ya sabuni, mtu akanyage mafuta, tafuta mapovu. Njia nzuri zaidi: tengeneza kifuniko cha kuziba mdomo wa turbo unaoingiza hewa, kifunge valvu ya tairi la tubeless, halafu mtu wa pancha ajaze upepo kidogo tu, psi 10 inatosha. Panapovuja utasikia mwenyewe.

- Kimpira chembamba kinachoingia juu ya pampu. Hiki kinaiambia pampu kwamba turbo imeanza kusukuma, iongeze mafuta. Kikipasuka, au ngozi ya mpira iliyo ndani ikitoboka, gari inabaki kama haina turbo. Kichomoe upande wa pili na upulize kwa mdomo: upepo ukipita tu bila kuzuiwa, kuna tundu.

- Nozeli. Mpelekee fundi pampu mwenye mashine azipime. Nozeli inayomwaga badala ya kupuliza inatoboa pistoni.

- Breki zinazokamata na matairi yenye upepo mdogo. Usicheke, nimeona gari "isiyo na nguvu" kumbe breki ya nyuma inavuta.

Sasa sikieni. Injini ya mjomba ilipofunguliwa, fundi pampu alinionyesha mpira wa turbo. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo macho hayafiki. Gari ilikuwa inachoka kwa sababu hewa inavuja njiani. Sisi tukaiongezea mafuta, wakati kilichokosekana ni hewa. Mpira mmoja na klampu mbili ndivyo vilivyohitajika.

HATUA YA 2: NUNUA GEJI KABLA YA NGUVU

Geji mbili. Ya kwanza ni ya presha ya turbo. Ya pili, na hii ndiyo muhimu, ni ya joto la moshi. Sensa yake inafungwa kwenye manifodi ya eksosi, kabla moshi haujaingia turbo. Manifodi ivuliwe kabla ya kutobolewa, maana chembe moja ya chuma ikiingia kwenye turbo inakula pangaboi.

Mafundi wengi wanashika nyuzi 700 kama mwisho wa kupanda nao mlima kwa muda mrefu. Mimi kwa injini ya zamani nashauri ukifika 650 uanze kulegeza mguu. Geji ya maji haitoshi. Ile inakupa taarifa ya msiba, hii inakupa taarifa ya ugonjwa.

HATUA YA 3: HEWA KWANZA

Turbo inapobana hewa inaipasha, inaweza kufika nyuzi 100 au zaidi. Hewa ya moto ni nyepesi, haina oksijeni ya kutosha. Dawa yake ni intakula, yaani kirejeta cha kupoza hewa. Gari nyingine zimetoka nayo kiwandani, nyingine hazina. Za mtumba utazipata Ilala au Gerezani pale Dar. Ikague isiwe imetoboka na isiwe imejaa oili ndani.

Eksosi nayo. Bomba pana kidogo kuanzia kwenye turbo kwenda nyuma linasaidia moshi utoke haraka, turbo inaamka mapema na joto linashuka. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaiweza. Sisemi utoe sailensa uamshe mtaa mzima, sailensa ibaki.

Presha ya turbo za zamani nyingi iko kati ya psi 7 na 11. Unaweza kuongeza mbili tatu, basi. Ukizidi hapo turbo inazunguka kupita uwezo wake, na gasketi ya hedi nayo ina mwisho wake.

HATUA YA 4: SKRUBU YENYEWE

Ukishafanya yote hayo, ndipo uguse pampu. Hii ni kwa pampu za kizamani zisizo na umeme wa kompyuta.

1. Weka alama kwenye skrubu na nati yake kwa rangi ya kucha, ili ujue pa kurudi.
2. Legeza nati, kaza skrubu robo ya robo mzunguko, sio zaidi. Funga nati.
3. Sailensi itapanda, irudishe chini kwa skrubu yake.
4. Endesha mlimani na mzigo, angalia geji na kioo cha nyuma. Moshi mwepesi unaopotea turbo ikiamka, sawa. Moshi usiokatika, rudisha.

Ukikaza kupita kiasi injini inaweza kupandisha raundi yenyewe hata mguu ukiwa juu. Sio mchezo.

Wa mikoa ya milimani, zingatieni. Iringa hewa ni pungufu kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Gari iliyosetiwa Dar ikavuta vizuri inaweza kupata joto kali ikifika huko juu.

GARI ZA KISASA JE?

Prado na Hilux za 1KD-FTV ni za komoni reli, mafuta yanaongozwa na kompyuta. Hakuna skrubu ya kukaza. Nguvu inaongezwa kwa kubadilisha programu. Vile viboksi vya bei rahisi vinavyoidanganya sensa ya presha, kaa navyo mbali. Na kabla ya programu pima nozeli, maana kwenye injini hizi nozeli mbovu inayeyusha pistoni hata kama hujaongeza kitu.

MWISHO

Usichanganye mafuta ya taa kwenye dizeli ukitafuta unafuu. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, mafuta ya taa ni makavu, yanaila. Pia hakikisha rejeta, feni, klachi na breki viko sawa, kwa sababu nguvu ukiipata utaitumia.

Pajero ya mjomba ilifufuka. Ina mpira mpya, geji ya joto na intakula ya mtumba, na skrubu imerudi kwenye alama yake ya zamani. Kitonga inapanda na trela, sio kwa fujo, lakini inafika. Mjomba akiona mshale unakaribia 650 ananiangalia mimi kwanza, halafu anapunguza gia. Spika bado tunadunduliza.

Kama una gari inayokusumbua, andika hapo chini aina ya injini, dalili na rangi ya moshi. Mafundi mlioko humu nirekebisheni nilipokosea. Nawasilisha.